Miezi minane katika shindano la mada ya mwezi

Nimeshiriki kwa miezi minane sasa katika shindano la uandishi wa kubuni linaloendeshwa na kundi moja la WhatsApp la wapenzi wa fasihi ya Kiswahili, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama linastahili muda wao, nimeona vyema niwape tathmini yangu.

Utaratibu wake ni mwepesi. Tarehe 1 ya kila mwezi msimamizi hutangaza mada, washiriki wakapewa hadi tarehe 20 kuwasilisha hadithi isiyozidi maneno 800 au shairi la urefu huohuo, na siku zinazobaki huwa za kusoma na kupiga kura. Hakuna ada wala zawadi ya fedha. Mshindi hupewa heshima ya kuchagua mada inayofuata. Sharti ninalolithamini kuliko yote ni kwamba utungo wako hauingii kwenye kura mpaka uwe umetoa maoni juu ya tungo mbili za wenzako.

Uzuri au udhaifu wa mwezi hutegemea mada. Mwezi tuliopewa “Amani”, karibu sote tuliandika hotuba, na nilipozisoma kwa mfululizo nilishindwa kukumbuka ipi ilikuwa ya nani. Mwezi uliofuata mada ilikuwa “Ufunguo”. Mmoja aliandika juu ya mpangaji anayerudi usiku na kukuta kitasa kimebadilishwa, mwingine juu ya bibi anayefunga ufunguo wa kabati kwenye pindo la kanga, na mimi, ambaye kwa mwaka mzima sikuwa nimemaliza hadithi hata moja, nilimaliza ile ya mlinzi wa shule anayekabidhi funguo siku ya kustaafu. Kitu kinachoshikika mkononi humpa mwandishi mahali pa kuanzia, na ningependa wanaochagua mada walizingatie hilo.

Kipimo cha maneno 800 nacho kimenifaa. Niliwahi kujaribu lengo la NaNoWriMo, mradi ulioanza mwaka 1999 huko San Francisco ukiwa na watu 21, ambao ulimtaka mwandishi afikishe maneno 50,000 kwa mwezi, yaani takriban 1,667 kila siku. Kwa mtu mwenye kazi na familia, niliishia wiki ya pili. Tuzo kubwa za Kiswahili, kama ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zinahitaji mswada uliokwisha kuiva. Hapa mtu hujifunza kufika mwisho wa kitu kifupi, kisha mwezi ujao akafika tena.

Hata hivyo, washairi hawatendewi haki. Shairi la tarbia, yaani lenye mishororo minne kila ubeti, hupimwa kwa beti, vina na mizani, si kwa idadi ya maneno, na kulipigia kura sambamba na hadithi ni kulinganisha vitu visivyolingana. Nimependekeza wapigiwe kura peke yao, tena waruhusiwe kujibizana, kwa maana huo ndio ushindani wa asili wa ushairi wetu: Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu katika karne ya 19, na hadi leo wasomaji wa kurasa za mashairi magazetini wanafahamu raha ya kusubiri jibu la malenga.

Kasoro nyingine ni kwamba tungo zinazotumwa siku ya mwisho huzama chini ya salamu na pongezi, zikakosa wasomaji; zingekusanywa katika faili moja, tatizo lingekwisha. Maoni nayo mara nyingi huwa “hongera sana” na basi. Mtu mmoja tu aliniambia kwamba mlinzi wangu anazungumza kama taarifa ya habari. Nilirudia mazungumzo yote kwa sababu yake, na ninamshukuru mpaka leo.

Kwa anayeanza kuandika, au aliyeacha na anataka kurudi, ninalipendekeza shindano hili bila kusita. Anayetafuta uhariri wa kina wa mswada mrefu hataupata hapa. Mada ya mwezi huu ni “Foleni”, nami nimeshaandika aya mbili za mwanzo.