Nilivyozuru mahakama ya zamani ya Ruring'u na nyanya

Makumbusho ya Nyeri ni madogo. Mwenye haraka atayamaliza kwa nusu saa. Sisi tulikaa karibu saa tatu, maana nilikwenda na nyanya yangu, na yeye analijua jengo lile tangu lilipokuwa "koti", yaani mahakama.

Yako Ruring'u, nje kidogo ya mji. Jengo lilijengwa 1924 liwe mahakama ya Waafrika, kwa kesi ndogondogo za kimila. Wazee wa mahakama za namna hii waliwekwa na serikali ya kikoloni, wakili hakuruhusiwa kumtetea mtu mbele yao, na asiyeridhika alikata rufaa kwa mkuu wa wilaya, Mzungu. Nilisoma sheria chuoni na hayo yote niliyaandika kwenye mtihani, lakini sikuwahi kuyasikia moyoni hadi niliposimama ndani ya kuta zenyewe.

Nyanya hakuhitaji maelezo. Alisema baba yake alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba hapo, na yeye, akiwa msichana mdogo, ndiye aliyembebea kibuyu cha uji. Walitembea kwa miguu mara tatu, kesi ikiahirishwa, na mara ya nne akashinda. Alinionyesha nyasi alipokuwa akimngojea. Kijana aliyekuwa akitutembeza alinyamaza, akavuta kiti, akaanza kumuuliza yeye maswali. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa ziara yenyewe.

Ndani utakuta pia historia ya Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni wa Waingereza Kenya, na hapo wageni wengi huchanganya jambo moja. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa Nyeri, Novemba 1956, lakini na Mahakama Kuu ya koloni, si na wazee wa mahakama ya kimila kama hii, ambayo haikuwa na uwezo wa kumhukumu mtu kifo. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Tofauti hiyo ni muhimu mno: utawala mmoja, mahakama za ngazi mbili, na Mwafrika akipelekwa huku au kule kulingana na kosa aliloandikiwa.

Nenda asubuhi, usipange safari nyingine siku hiyo. Na kama nyumbani kuna mzee aliyekulia pande zile, usimwache. Mimi narudi Agosti na mama.