Diski na pedi za breki kwa 4x4 kuukuu: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe

Breki za gari kuukuu hazifi kwa siku moja. Gari huanza kuvuta upande ukikanyaga, au usukani unatetema ukipunguza mwendo mteremkoni. Kisha siku unavua tairi unakuta ukingo wa diski umesimama kama mdomo wa sufuria. Hapo wengi hukimbilia duka la spea. Mimi nasema pima kwanza.

Diski nyingi zimegongwa namba ya unene wa chini unaoruhusiwa, kwenye kofia (sehemu ya katikati iliyoinuka) au ukingoni, baada ya maandishi MIN TH. Ukipima kwa vania ya kawaida, ule mdomo wa nje utakudanganya, kwa sababu meno ya vania hukaa juu yake na sehemu iliyoliwa haiguswi. Tumia maikromita, upime sehemu ambayo pedi inapita. Halafu weka pedi ya ndani na ya nje pembeni. Ikiwa moja imebaki milimita 8 na mwenzake 3, tatizo ni kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski: pistoni imeota kutu au pini za kutelezea zimekwama. Ukifunga diski mpya kwenye kalipa ya namna hiyo, utakuwa umeitoa sadaka.

Jambo la pili ni kufanana. Magari haya yalibadilishwa breki katikati ya uzalishaji, kwa hiyo mwaka pekee hautoshi. Nenda na namba ya chesisi na diski ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo, unene na kina cha kofia. Land Rover 110 ilipotoka mwaka 1983 ilikuwa na diski mbele na dramu nyuma, na matoleo ya baadaye yakawa na diski pande zote. Tena, diski isiyo na njia za hewa katikati haibadilishwi kwa yenye njia za hewa hivihivi. Ile ya pili ni nene zaidi, inadai kalipa yake.

Nafasi ya kwanza naipa diski isiyo na mapambo, ya kipimo cha kiwanda, kutoka kwa mtengenezaji wa breki anayejulikana, ikiandamana na pedi za semi-metali, yaani zenye chembe za chuma ndani yake. Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto linahitaji chuma cha kulipokea. Gari la kilo 2,500 likishuka mlima wa mita 500 linaachia nguvu inayotosha kuchemsha lita 36 hivi za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Gia ndogo ikikusaidia, injini inabeba sehemu yake; ukishuka kwa breki tupu, karibu mzigo wote unaingia kwenye diski. Kwa hiyo nikishika diski mbili za kipimo kimoja, nachukua iliyo nzito. Pedi za semi-metali zinavumilia joto hilo na zinashika vizuri hata zikitoka kwenye maji. Ubaya wake ni kelele kidogo, vumbi jeusi kwenye rimu, na kuila diski haraka kuliko pedi laini. Naukubali ubaya huo bila kusita.

Kwenye pedi, soma ukingoni au mgongoni. Nyingi zina herufi mbili, kama EE, FF au GG: ya kwanza ni mshiko wa breki ikiwa ya kawaida, ya pili ikiwa imechemka. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari zito nataka FF kwenda juu. Na nikiona FE, najua itanikimbia katikati ya mteremko. Herufi hizi hazielezi pedi itadumu muda gani. Alama ya E ndani ya duara ikifuatana na 90R inamaanisha pedi imepimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90, na utendaji wake haupishani na wa pedi ya awali kwa zaidi ya asilimia 15.

Nafasi ya pili ni jenuini, yaani iliyo ndani ya boksi la kampuni ya gari. Ni salama, inaingia bila ubishi. Naiweka ya pili kwa sababu kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi breki zenyewe, hununua kwa watengenezaji wa breki, na wewe unalipia boksi. Kama hujiamini kutambua spea nzuri, ifanye ya kwanza.

Ya tatu ni diski zenye mifereji usoni. Mifereji inafagia tope na maji na kuchubua uso wa pedi uliong'aa kwa joto. Anayevuta trela, anayeishi milimani, au aliyeweka matairi makubwa ana sababu ya kuzitaka. Ukitoka tairi la inchi 29 kwenda la inchi 33, breki inatakiwa kufanya kazi zaidi kwa karibu asilimia 14 ili gari lisimame vilevile, kwa kuwa mkono wa tairi umerefuka. Ila pedi zitaisha mapema, na utasikia mvumo ukikanyaga.

Pedi za seramiki zinafuata. Ni kimya na safi, nzuri kwa gari ambalo siku hizi halitoki kwenye lami. Kwa tope na mizigo, hapana.

Za mwisho kabisa ni diski zilizotobolewa matundu. Zinapendeza kwa macho, lakini matundu yanajaa tope likakauka humo, na nyufa huanzia kwenye kingo za matundu chuma kikichemka na kupozwa ghafla, kama unapovuka mto ukiwa umetoka mteremkoni. Sizifungi kwenye gari la njia mbovu hata nikipewa bure.

Pedi zisizo na alama wala jina siziweki kwenye orodha. Niliwahi kufunga moja, na kabla ya miezi miwili kukatika safu ya msuguano ilibanduka nzima kwenye bati lake, chuma kikasaga chuma. Nililivua likiwa na kutu chini ya gundi. Maana yake lilipakwa gundi likiwa tayari na kutu. Tangu siku hiyo nachungulia mshono wa bati na pedi kabla ya kulipa.

Tenga pia fedha za vinavyoandamana. Kwenye Land Rover nyingi za zamani na Land Cruiser 80, diski ya mbele imefungwa nyuma ya habu (kitovu cha gurudumu), kwa hiyo habu inatoka: nunua oili sili, grisi ya beringi na gasketi siku hiyohiyo. Mipira ya breki iliyopasuka ngozi ibadilishwe. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya unyevu yanaweza kushuka hadi 155, basi yamwage yote. Na vumbi la pedi za zamani lisipulizwe kwa kompresa, kwani huenda lina asbesto. Lowesha, ufute kwa kitambaa.

Uso wa habu usuguliwe hadi ung'ae, maana ganda dogo la kutu hapo ndilo linalorudisha mtetemo. Mafuta ya kinga kwenye diski mpya yaoshwe. Kisha tafuta barabara tupu: toka kilomita 60 kwa saa, punguza hadi 10, mara kumi hivi, ukiacha breki ipumue katikati, bila kusimama kabisa mguu ukiwa umekandamiza. Ukirudi, kaza nati za tairi tena, na kabla hazijapoa uguse kila rimu kwa tahadhari. Iliyo na moto kuliko wenzake, kalipa yake bado inashika.