Taa za LED kwenye gitaa kavu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela, amua kwanza: taa ni ya watazamaji au ni ya macho yako? Anayepiga harusini usiku anataka gitaa lionekane. Anayepiga kibarazani umeme ukikatika anataka tu kuiona freti ya saba (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Taa inayomfaa huyu haimfai yule, na ukiingia dukani bila kujua uko upande gani utauziwa inayong'aa kuliko zote.

Halafu kumbuka kwamba gitaa kavu, lile la mbao lenye sanduku tupu, halina spika. Spika yake ni ubao wa mbele, mbao nyembamba ya milimita tatu hivi, na chochote utakachokibandika pale unakibandika kwenye spika. Ndiyo maana orodha yangu haianzi na taa yenye mwanga mkali. Inaanza na ile ambayo gitaa halitajua kama ipo, na ambayo kesho ukiitoa haiachi alama.

1. Taa za waya wa shaba, za betri tatu

Ni zile za urembo ambazo watu huweka ndani ya chupa au kwenye mti wa Krismasi: waya mwembamba kama uzi wa kushonea, na vitaa vidogo kama punje za mchele. Chukua ya mita mbili yenye vitaa 20 na kiboksi cha betri tatu za AA. Kariakoo zimejaa, na mara nyingi bei yake haifiki ya seti nzuri ya nyuzi.

Utaonyeshwa pia ndugu yake anayetumia betri bapa za CR2032. Kiboksi chake ni kidogo na chepesi, kinashawishi. Mwache. Betri ile hubeba miliampia-saa 220 hivi, wakati AA ya alkalini inapita 2,000. Itawaka vizuri mwanzoni, na keki haijakatwa mwanga umeshafifia. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo usiifikirie hata kidogo: betri bapa ikimezwa inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa mbili.

Rangi nunua ya njano ya joto, kama ya balbu za zamani. Juu ya mbao inatoa mwanga wa kandili. Nyeupe kali inaanika kila kitu kilichomo ndani: vumbi la miaka, matone ya gundi, alama ya penseli ya fundi. Bluu inamezwa na rangi ya mbao, gitaa linaonekana kama friji iliyoachwa wazi.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza. Niliuviringa waya nikausukumia ndani kupitia tundu la sauti, basi. Sebuleni ulipendeza. Nikapiga kodi ya G (nyuzi kadhaa kwa pamoja), gitaa likajibu "zzzz", kama nyuki kafungiwa kwenye kopo. Nikapiga D, kimya. Nikarudi G, nyuki yuleyule. Nilihangaika na daraja, nikakaza vifunguo, kumbe kosa halikuwa la gitaa. Hewa iliyo ndani ya sanduku ina mtetemo wake, na kwenye magitaa mengi makubwa huwa karibu na hezi 100. G ya freti ya tatu kwenye uzi mnene ni hezi 98. Ukiipiga, hewa yote mle ndani inasukumwa kwa nguvu, na waya uliolegea unacheza nayo.

Tangu siku hiyo naubandika kwenye ubao wa nyuma na pande tu, kila baada ya upana wa vidole vinne, kwa vipande vya selotepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi. Legeza nyuzi ili mkono upite, futa vumbi kwa kitambaa kikavu kwanza, kwa sababu mbao ya ndani haijapigwa vanishi na gundi haishiki juu ya vumbi. Ubao wa mbele usiuguse kabisa. Waya utokee ukingoni mwa tundu, upande wa uzi mnene, na kiboksi kining'inie kwenye mkanda wa begani. Betri tatu ni gramu 70 hivi. Zikibebwa na bega, gitaa halihisi kitu. Ukimaliza, piga uzi mnene freti moja moja, taratibu, ukisikiliza nyuki.

2. Utepe wa USB wa rangi moja

Huu ni wa jukwaani. Unatumia volti 5 kutoka pawabenki, unawaka kuliko waya wa shaba, na unaweza kuukata kwa mkasi palipo na alama. Nusu mita inatosha gitaa zima. Lakini una masharti. Pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaovutwa ni mdogo, kwa hiyo nenda dukani na ya kwako, uwashe, usubiri dakika mbili tatu. Na kama gitaa lako lina pikapu, yaani kinasa sauti cha kulipeleka kwenye spika, jihadhari na swichi za kupunguza mwanga: nyingi hufanya hivyo kwa kuiwasha na kuizima taa haraka mno, na kelele yake inaweza kuingia kwenye spika za ukumbi. Elekeza kamera ya simu kwenye taa ikiwa imepunguzwa. Ukiona mistari inatembea kwenye kioo, irudishe.

Usiubandike nje ya gitaa. Magitaa ya gharama yaliyopigwa laka ya nitro, aina ya vanishi, huharibiwa na mpira na plastiki laini, na doa lake halifutiki.

3. Nukta zinazong'aa gizani

Si LED, najua. Lakini kama shida yako ni kuona freti, hizi zinaishinda kila LED iliyomo humu. Ni vibandiko vidogo vya pembeni mwa shingo ya gitaa, kwenye freti ya 3, 5, 7, 9 na 12. Unavimulika kwa tochi ya simu kabla ya kuanza, vinang'aa. Havina betri, waya wala uzito. Zipo pia za kudumu, kama Luminlay, ila hizo fundi lazima atoboe.

4. Taa ya kubana kwenye kichwa cha gitaa

Inaangaza shingo vizuri, lakini pia inawapiga watazamaji machoni kila unapogeuka, na inavuta shingo chini. Nyumbani sawa.

5. Ya kutengenezewa na fundi redio

LED moja nyekundu, betri ya volti 9, rezista (kipande kinachopunguza umeme) na swichi. Hesabu ni rahisi: LED nyekundu inakula volti 2, zinabaki 7, kwa miliampia 20 unahitaji omu 350, basi chukua rezista ya 390. Akikuambia rezista haina haja, chukua gitaa lako uondoke.

6. Zinazobadilika rangi kwa rimoti

Zinauzwa sana, na kwenye gitaa kavu sizitaki. Zile ambazo kila kitaa kina rangi yake hufika miliampia 60 kwa kitaa kikiwa cheupe. Vitaa 60 vinakuwa ampia 3.6, pawabenki ya kawaida ya ampia 2 haiwezi.

7. LED ndani ya shingo

Inapendeza kuliko zote. Pia inataka shingo itobolewe karibu na chuma kinachoinyoosha. Kama gitaa ni moja tu ulilonalo, usimpe mtu drili.

Mwenye udi, ile ala ya taarabu, kwa bahati mbaya, karibu orodha yote hii haikuhusu. Matundu yake yamezibwa kwa nakshi, mkono haupiti, na ubao wake ni mwembamba kuliko wa gitaa. Nunua taa ya kubana ya kwenye stendi ya noti za muziki, na hela itakayobaki ongezea kwenye nyuzi.