draw.io kwa kuchora taratibu za ofisi: mishale ni mizuri, mantiki utaileta mwenyewe

Anayetaka kuchora utaratibu wa kazi bila kulipia Visio, programu ya michoro ya Microsoft, aanze na draw.io. Ilitengenezwa na kampuni ya JGraph ya Uingereza. Mwaka 2020 ilibadilishwa jina ikawa diagrams.net, na hadi leo utakutana na majina yote mawili. Programu ni ileile. Huhitaji kujisajili, mchoro haupigwi chapa ya kampuni, wala hakuna kikomo cha idadi ya michoro. Inafunguka kwenye kivinjari, na lipo toleo la kusakinisha kwenye Windows, macOS na Linux.

Chukua la kusakinisha. Likishaingia kwenye kompyuta halihitaji bando, isipokuwa linapotafuta toleo jipya lake lenyewe, na michoro yako haitoki kwenye mashine. Kwenye kivinjari kuna kero moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: Chrome na Edge huandika juu ya faili lilelile ulilofungua, lakini Firefox hushusha nakala mpya kila unapohifadhi. Ikifika jioni folda ina mkopo.drawio, mkopo(1), mkopo(2), na hakuna anayejua lipi ni la mwisho.

Tuipime kwa kazi halisi: utaratibu wa mkopo wa SACCOS. Mwanachama anajaza fomu, ofisa mikopo anakagua akiba na wadhamini, kamati ya mikopo inaamua, mhasibu anatoa fedha. Wahusika ni wanne, kwa hiyo unahitaji mchoro wenye njia nne, yaani safu nne zilizopangwa sambamba, kila mhusika na yake. Andika "pool" kwenye kisanduku cha kutafuta maumbo, buruta umbo lake hadi kwenye ukurasa, kisha ongeza njia zifike nne. Kuanzia hapo usirudi tena kwenye paneli ya kushoto: bofya mara mbili mahali patupu, orodha ya maumbo itajitokeza papo hapo. Ctrl+D inanakili umbo ulilochagua pamoja na ukubwa na rangi yake.

Mishale ndiyo inayoipa programu hii thamani, na ndiyo inayowatesa wageni. Ukivuta mshale hadi kwenye kisanduku, tazama rangi kabla hujaachia. Kingo zote zikiwaka buluu, mshale umeshikwa na kisanduku kizima, na ukikihamisha utajitafutia upande ulio karibu. Kikiwaka kijiduara cha kijani, mshale umefungwa kwenye nukta hiyohiyo moja na hautahamia upande mwingine hata ukisogeza kisanduku. Buluu inafaa wakati bado unapangapanga. Kijani weka mwishoni, hasa kwenye almasi, umbo la hatua ya uamuzi, ambako Ndiyo inapaswa kutoka chini na Hapana itoke pembeni siku zote. Usipoona rangi yoyote, mshale haujashika kitu. Unaonekana umegusa, lakini ukisogeza kisanduku unabaki ukielea peke yake. Mistari miwili ikilazimika kukatana, nenda kwenye "Style" ukaweke "Line jumps" mmoja uruke mwenzake. Msomaji hatadhani imeungana.

Sasa upungufu mkubwa: draw.io haikagui chochote. Itakubali almasi yenye mlango mmoja wa kutokea, hatua isiyofikiwa na mshale wowote, hata mchoro usio na mwisho. Kwenye mfano wetu, almasi ya "Wadhamini wanatosha?" karibu kila mara huchorwa na Ndiyo peke yake. Hapana inakwenda wapi? Kwa mwanachama kuongeza mdhamini, au ombi linafungwa? Na likirudishwa, linaruhusiwa kurudi mara ngapi? Programu haitakuuliza. Kabla ya kuhifadhi pitia kila almasi ukihesabu matokeo yake, kisha fuata kila njia kwa kidole hadi mwisho. Hakikisha pia ndani ya almasi kuna swali. "Kamati" si swali, "Kamati imeidhinisha?" ndilo swali.

Maumbo ya BPMN, mfumo wa kimataifa wa alama za kuchora taratibu za kazi, yamo, yakiwemo ya almasi yenye X kwa njia moja kati ya kadhaa na yenye alama ya kujumlisha kwa kazi zinazokwenda sambamba. Lakini ni picha tu. Ikiwa mchoro utapelekwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoendesha utaratibu wenyewe, tumia Camunda Modeler, ambayo nayo ni ya bure na huhifadhi faili la BPMN 2.0 linalosomeka na mifumo hiyo.

Kwenye kutoa mchoro uwe faili la picha (Export) ndipo vilio vinapoanza. Ukitoa SVG, aina ya picha isiyopoteza ubora ikikuzwa, na kuiweka kwenye Word au programu ya kuchora ya Inkscape, maandishi yanaweza kupotea na mahali pake ukakuta onyo la Kiingereza kwamba maandishi hayo hayawezi kuoneshwa. Sababu ni kwamba draw.io huandika maneno kwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ndani ya SVG, na programu nyingi nje ya vivinjari haziielewi. Chagua maumbo yote, fungua "Text", ondoa alama kwenye "Word Wrap" na "Formatted Text", kisha toa upya. Maneno marefu itabidi uyakate mistari mwenyewe. Kwa ripoti ya kawaida PNG inatosha, ila ongeza "Zoom" ifike 300%, maana ya 100% hutoka na ukungu ikichapwa.

Hapohapo weka alama kwenye "Include a copy of my diagram". Picha hiyo itabeba mchoro wenyewe ndani yake, na mwenzako ataifungua kwenye draw.io na kuihariri. Mtumie WhatsApp kama hati. Ukiituma kama picha inabanwa na mchoro uliofichwa unafutika.

Karatasi nayo ina hesabu yake. Weka A4 kwenye "Paper Size" kabla ya kuanza. Herufi za kawaida ni pointi 12. Mchoro uliotanuka upana wa karatasi mbili ukibanwa uingie moja, herufi zinakuwa pointi 6, na hakuna mjumbe wa kamati atakayezisoma bila miwani. Ni afadhali ugawe: ukurasa wa kwanza hatua kuu, wa pili ukaguzi wa wadhamini, na kisanduku husika cha ukurasa wa kwanza ukipe kiungo cha kwenda huko kwa Alt+Shift+L.

Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, usikimbilie kusafisha folda. Toleo la kusakinisha huacha karibu na faili lako rasimu ya kazi ambayo hujahifadhi, jina linaanza na .$ na kuishia na .dtmp. Imefichwa, hivyo ruhusu kwanza mafaili yaliyofichwa yaonekane.

Kwenye simu inafunguka, lakini kushika ncha ya mshale kwa kidole ni adhabu. Simu iachie kusoma. Watu wawili wakitaka kuhariri kwa wakati mmoja, faili liwekwe Google Drive au OneDrive. Lucidchart, programu nyingine ya michoro, ni laini zaidi kwa kazi hiyo ya pamoja, ila mpango wake wa bure unakubana kwa idadi ya hati na ya maumbo.