Nancy Drew, toleo la 1930 na la 1959: nimesoma yote mawili

Ukikuta kitabu cha kwanza cha Nancy Drew, msichana mpelelezi wa hadithi za Kimarekani, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, kabla hujatoa pesa fungua orodha ya sura. Zikiwa 25, umeshika hadithi ya 1930 kama ilivyotoka. Zikiwa 20, hiyo ni ile iliyoandikwa upya mwaka 1959. Jina la kitabu ni lilelile, The Secret of the Old Clock, na jina la mwandishi ni lilelile, Carolyn Keene, lakini msichana utakayekutana naye ndani si yuleyule.

Mimi nimesoma yote mawili, lile la zamani katika nakala ya Applewood Books, waliolichapa upya mwaka 1991. Kisa kinafahamika haraka: mzee Josiah Crowley amefariki, wosia unawapa mali yote akina Topham, matajiri wenye majivuno, na ndugu waliomtunza wanabaki mikono mitupu. Nancy anaamini upo wosia mwingine, naye anaufuatilia.

Sehemu iliyonikamata ni pale wezi wanapomfungia kabatini katika nyumba ya mapumziko kando ya ziwa. Anapiga kelele, hakuna wa kumsikia. Anapapasa gizani mpaka mkono unagusa mti wa kutundikia nguo, anaung'oa, anauchomeka mlangoni na kuanza kuzikandamiza bawaba kama mtu mwenye mtaimbo. Kumbuka huyu ana miaka 16, na mwaka ni 1930. Msichana wa vitabu vya enzi hiyo kwa kawaida angekaa kusubiri kuokolewa. Nancy anajibu watu wazima bila kutetemeka, anaendesha gari lake mwenyewe la buluu, na baba yake, wakili Carson Drew, anamwamini.

Katika toleo la 1959 ameongezewa umri hadi miaka 18 na adabu nyingi. Hadithi inakwenda mbio zaidi, lakini ule ukali umepungua, nami naukosa sana.

Hata hivyo, mtoto nisingempa lile la 1930. Mlinzi wa nyumba ile ya ziwani, Jeff Tucker, ni mtu mweusi aliyechorwa kama mlevi asiye na akili, na hata matamshi yake yamefanywa kichekesho. Kwa msomaji wa Kiafrika kurasa hizo zinauma, na waliozifuta walifanya jambo la haki. Kinachonisikitisha ni kwamba walipofuta matusi walipunguza na ujasiri wa Nancy, wakati ujasiri haukuwa na kosa lolote.

Carolyn Keene, kwa taarifa yako, hakuwahi kuwepo. Edward Stratemeyer alikuwa na kampuni ya kutunga vitabu vya vijana: anaandika muhtasari, anampa mwandishi wa kukodiwa, analipa mara moja, basi. Aliyeandika kitabu hiki ni Mildred Wirt, baadaye Benson, binti wa Iowa. Alilipwa dola 125 na kusaini kuachia haki zote. Kati ya vitabu 30 vya mwanzo, 23 ni vya mkono wake. Stratemeyer alifariki Mei 1930, vitabu vitatu vya kwanza vikiwa na siku chache tu sokoni, na binti yake Harriet Adams ndiye aliyekuja kusimamia mabadiliko ya 1959. Mchango wa Mildred ulijulikana kwa upana baada ya yeye kutoa ushahidi mahakamani mwaka 1980. Kwangu mimi jina lake lilistahili kuwa juu ya jalada tangu siku ya kwanza.

Kasoro zipo. Bahati inamsaidia Nancy kupita kiasi, na akina Topham ni wabaya tu mwanzo mwisho. Bess na George, marafiki wa Nancy, usiwatafute humu, wanaanza kitabu cha tano.

Kwa mtoto wa darasa la sita au la saba anayejenga Kiingereza chake, chukua lile la sura 20. Sentensi ni fupi na kila sura inamwacha akitaka inayofuata. Mtu mzima atafute la sura 25. Na ukibahatika kupata toleo la zamani la kitabu cha pili, The Hidden Staircase, usiliache mezani: humo baba mtu anampa Nancy bastola yake aende nayo.