Miaka mitatu ya kutuma skripti kwenye mashindano: nilicholipa na nilichopata

Naandika hii kwa ajili ya yule anaeandika usiku baada ya kazi, faili la skripti yake ya filamu limekaa kwenye laptopu mwaka wa pili sasa na hajui alipeleke wapi, maana na mimi nilikua hapo hapo. Mashindano ya skripti kwa ujumla nayapa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoitoa mtaona imeenda wapi.

Kwanza mjue nilikotokea. Nafanya kazi steshenari Sinza, kuchapa, kutoa kopi, kuchapisha kadi za harusi, na kwa miaka kadhaa wateja wangu wazuri walikua watu wa filamu wanaoleta skripti zilizoandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku, mi nawachapia mia tano kwa ukurasa, na kuandika nimejifunzia hapo hapo kwenye kuchapa. Nyingi zilikua kurasa 15 au 20 kwa filamu nzima, sini imeandikwa "hapa wanagombana" basi, maneno wasanii wanajaza wenyewe wakifika lokesheni. Siwadharau hata kidogo, kuna watu ukiwaambia wagombane mbele ya kamera bila karatasi watagombana mpaka utoe machozi. Lakini mimi nilitaka kuandika kila kitu, na nilipomaliza yangu ya kurasa 118 nikaanza kuipeleka kwa maprodusa hakuna aliyeisoma. Sisemi waliikataa, nasema hawakuisoma. Kila mmoja ananiambia dada nisimulie tu kwa kifupi, namsimulia dakika kumi, anasema stori nzuri tutawasiliana, na hapo ndo mwisho, kazi anapewa anaemjua.

Sasa kilichonizindua. Oktoba 2021 Netflix na UNESCO walitangaza shindano la kutengeneza filamu fupi kutokana na hadithi za jadi za Afrika, kwa watengeneza filamu chipukizi. Zilikuja kazi zaidi ya 2,000 kutoka nchi mbalimbali wakachaguliwa watu sita, na mmoja kati ya hao sita ni Mtanzania mwenzetu, Walt Mzengi Corey. Kila mshindi alipewa dola 25,000 zake mwenyewe na bajeti ya dola 75,000 ya kutengenezea filamu, na Machi 2023 zote sita zikaanza kuonekana dunia nzima. Mi nilisikia habari za hilo shindano dedilaini imeshapita, iliniuma kweli, ila kuanzia siku hiyo nikaanza kufuatilia mashindano kama mtu anavyofuatilia ratiba ya ligi.

Nikakutana na Nicholl, hili linaendeshwa na ile Akademi inayotoa tuzo za Oscar, tangu 1986 wanawapa waandishi wapya ufadhili, hawazidi watano kwa mwaka, dola 35,000 kila mmoja, na hiyo hela sio zawadi ya kwenda kula, unalipwa kwa awamu huku unaandika skripti nyingine ndani ya mwaka huo. Susannah Grant alipita hapo 1992, miaka tisa baadae skripti yake ya Erin Brockovich ikaingia kugombea Oscar. Destin Daniel Cretton alipita 2010, leo anaongoza filamu kubwa za Marvel. Lakini kilichonikamata mimi sio hao wakubwa, ni sharti moja dogo lililokua kwenye fomu yao wakati huo, kwamba jina la mwandishi lisionekane popote kwenye skripti. Nililisoma hilo mara mbili mbili. Yani anaesoma hajui kama wewe ni mwanamke au mwanaume, wa Sinza au wa California, umesoma chuo gani, unajuana na nani, anaona kurasa tu. Kwa mtu ambaye mlango wake wote ulikua "unatoka kwa nani" hiki kitu kilinipa nguvu kuliko zile dola. (Kuanzia 2025 Nicholl wamebadilisha njia ya kuingilia, mtu binafsi anapitia The Black List, tovuti ya kuweka skripti zisomwe, na wengine wanapendekezwa na vyuo na programu za waandishi, kwa hiyo usifuate maelekezo ya zamani utakayoyakuta mtandaoni.)

Haya, utumaji wenyewe. Mengi nimeyatumia kazi kupitia FilmFreeway, tovuti inayokusanya mashindano na matamasha ya filamu, kufungua akaunti ni bure, unapakia skripti mara moja kwenye PDF, afu kila shindano unalipia ada yake na unaona hali imefikia wapi, imepokelewa, inasomwa, imechaguliwa, haijachaguliwa. Kwenye malipo nilihangaika mwanzoni nikaja kutumia kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, unaweka hela kamili ya ada basi. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba ada inapanda kadri dedilaini inavyosogea, shindano hilo hilo ukituma mapema ni dola 40, ukisubiri wiki ya mwisho ni 65, na skripti haijabadilika hata nukta. Na lingine, andika imeili kwa ustaarabu uombe msamaha wa ada, eleza unatokea wapi na kwa nini. Mimi niliomba kwa watano, wawili wakanipa namba maalum ya punguzo, mmoja akanisamehe yote. Kuomba sio aibu.

Kwa miaka mitatu nimetuma mara saba, jumla dola 310, tuseme kama laki saba na sabini na tano za kwetu kwa dola niliyokua nanunua mimi. Najua hiyo ni hela. Kwangu ilikua ni kodi ya miezi kadhaa.

La kwanza niliibiwa, niseme tu ukweli. Shindano lilikua na jina zuri lenye neno la kimataifa, picha za mazulia mekundu, nikalipa dola 45, mwezi wa matokeo ukafika kimya, wa pili kimya, naingia tovuti haifunguki. Sikua nimeuliza swali hata moja kabla ya kulipa. Siku hizi nauliza mambo matatu na sitoi senti mpaka nijibiwe: walioshinda miaka iliyopita ni kina nani na leo wako wapi (majina unayatafuta mwenyewe, ukiona hakuna mshindi hata mmoja anaepatikana popote kaa mbali), wanaosoma ni watu gani, na masharti yanasemaje kuhusu haki ya stori. Hili la mwisho naomba mlisome neno kwa neno hata kama Kiingereza chake ni cha kisheria, kuna mengine ukishatuma tu umewapa ruhusa ya kuitumia kazi yako, na hapo hata hujashinda. Skripti yangu niliipeleka kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa Tanzania, nikaisajili, ndugu zangu wa Kenya kule kwenu ni KECOBO, fanya hivyo kabla hujatuma popote.

La pili ndo lililobadilisha uandishi wangu, na sikushinda, nilitoka raundi ya kwanza. Ila nililipia ada ya dola 60 yenye maoni ya msomaji ndani yake, zikaja kurasa mbili. Stori yangu ni ya dada wawili wa Pangani wanaogombea jahazi la marehemu baba yao, mkubwa anataka liuzwe mdogo anataka liendelee kwenda baharini. Msomaji akaandika mambo mawili. La kwanza, stori yako inaanza ukurasa wa 31, kabla ya hapo unanitambulisha watu. Nilifungua ukurasa wa 31 nikakaa naangalia, ni kweli, hapo ndo mdogo anagundua jahazi limeshawekewa bei. Skripti kwa kawaida ukurasa mmoja ni dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo nilikua nimemkalisha mtu nusu saa namuonyesha nyumba.

La pili likanichukiza. Akasema ukurasa wa 4 hadi wa 7 watu wanasalimiana tu, kata. Nikasema huyu hajui kwetu, wewe unaingia vipi kwenye nyumba ya wakubwa ukaanza na shida yako bila salamu, nikafunga laptopu siku tatu sikuigusa. Siku ya nne nikaenda msiba kwa jirani, akaingia kijana mmoja ambaye tulijua ana ugomvi na baba yake mdogo, akasalimia wazee wote mkekani mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, alipofika kwa baba yake mdogo akampita akaenda kukaa. Hakuna aliyesema neno, ila ukumbi mzima ulisikia. Nilirudi nyumbani usiku ule ule nikaiandika upya, mdogo anaingia, anatoa shikamoo kwa bibi, kwa mjomba, kwa shangazi, anafika kwa dada yake anaweka mkoba chini. Basi. Zile kurasa zikawa nusu ukurasa, na ugomvi wa filamu nzima uko pale kabla hata jahazi halijatajwa. Neno shikamoo nililiacha hivyo hivyo kwenye skripti ya Kiingereza bila kulieleza, maana hata asiyelijua anaona watatu wamepewa kitu na wa nne kanyimwa. Msomaji alikua sahihi kwamba pale hapakua na kitu, alichokua hajui ni kwamba pale ndo mahali penyewe pa kuweka kitu, na hilo lilikua jukumu langu sio lake. Skripti ikashuka kutoka 118 mpaka 97.

Kwenye shindano la tano msomaji mwingine kabisa, asiyenijua na asiyemjua yule wa kwanza, akaitaja sini ile ile kwamba ndo iliyomfanya aendelee kusoma. Nililia jamani. Hiyo ilinifikisha robo fainali, 2024. Robo fainali haina hela, unapewa nembo ya majani ya kuweka kwenye bango lako na jina lako linawekwa kwenye orodha. Lakini hiyo orodha niliitumia. Nikamwandikia produsa mmoja hapa mjini ambaye miaka miwili nyuma alinisikiliza dakika kumi akasema tutawasiliana, safari hii nikaandika mistari minne tu, skripti imefika robo fainali ya shindano fulani, nimeambatanisha kurasa kumi za mwanzo. Alinijibu baada ya siku mbili. Akaomba iliyobaki. Akanambia wazi kabisa kwamba faili alilifungua kwa sababu ya hilo neno robo fainali, akakubali kwamba zamani hakuwahi kulifungua, na simlaumu, anapokea stori ngapi kwa wiki yule. Jahazi langu hajalinunua, filamu ya baharini ni gharama alisema, ila aliniita kwenye timu ya waandishi wa tamthilia, nimeshaandika episodi sita na jina langu linapita kwenye skrini. Steshenari naenda nusu siku sasa.

Ile nyota niliyoitoa. Mashindano makubwa mengi yanataka Kiingereza, Nicholl wenyewe hivyo hivyo, na kuna watu hapa wanaandika Kiswahili ambacho ukikisoma unasikia watu wanaongea, hao wanakatwa kabla hawajaanza. Mimi naandika daialogi zote kwa Kiswahili kwanza afu ndo nahamisha, na kila nikihamisha kuna kitu kinabaki nyuma, neno kama "pole" sijawahi kulipatia pa kulala. Tunahitaji shindano la Kiswahili lenye wasomaji wa kweli na maoni ya kuandikwa, nasema hili kwa moyo wote, waandishi wako kuanzia Lubumbashi mpaka Lamu. Afu kuna ushindi ambao unakuja kama mwaliko, mfano Austin kule Texas, Marekani, shindano limeungana na tamasha la filamu la Oktoba na faida kubwa ni watu unaokutana nao pale, sasa bila visa na tiketi ya ndege unabaki na imeili. Ukiwa hapa kwetu angalia na vitu kama Maisha Film Lab, ile programu ya mafunzo ya filamu aliyoianzisha mwongozaji Mira Nair Kampala mwaka 2004 kwa ajili ya kufundisha vijana wa Afrika Mashariki, pale unachaguliwa kwa kazi yako na unakaa na walimu ana kwa ana, kwa mtu anaeanza kabisa mimi ningemwambia aanzie huko.

Kama hela yako inatosha shindano moja tu kwa mwaka chagua lenye maoni ya msomaji hata kama zawadi yake ni ndogo, na usitume rasimu ya kwanza, mpe kwanza mtu aisome kwa sauti, mi namsomesha mdogo wangu na akikwama kwenye mstari nauwekea alama. Ukubwa wa herufi ni 12, mwandiko Courier, programu zipo za bure zinapanga zenyewe, usiandike kwenye Word ukajipigia nafasi kwa mkono.

Mwaka huu nimetenga laki mbili. Shindano moja nimeshalipia kwa bei ya mapema, la pili dedilaini ya bei ya chini ni Ijumaa ijayo na nimebakisha kurasa 14 za skripti mpya, hii ya sasa yote inatokea ndani ya steshenari.