Vitabu vipya kwa watoto na watu wazima: kipi ununue kwanza, kipi ukiache

Kabla sijalipia kitabu kipya hujiuliza swali moja tu: kitasomwa mara ngapi? Kitabu cha picha ambacho mtoto atadai asomewe kila usiku kwa miezi sita ni rahisi, hata kikiwa na bei ya juu, kuliko kijitabu cha bei ya kutupa kitakachofunguliwa mara moja kisha kiishie chini ya kitanda. Riwaya utakayoiacha ukurasa wa 40 ni hasara hata kama ilipunguzwa bei kwa nusu.

Mpwa wangu ana miaka minne na vitabu 11. Kimoja ni cha mbwa anayetafuta kiatu. Kona zake zimelainika kama kitambaa, na ukurasa wa saba una alama ya kidole chenye rangi. Kila tukifika hapo, neno la mwisho la mstari hulisema yeye kabla yangu, kisha huniangalia usoni kuhakikisha nimesikia. Kingine ni kikubwa, jalada linang'aa, na bado mgongo wake unalia kila kinapofunguliwa kwa kuwa haujapata mazoea. Vyote viwili nilivinunua mimi, siku moja. Cha pili nilikichagua kwa macho tu. Cha kwanza nilikisoma pale pale nimesimama, kwa sauti ya chini, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kikague kabla ya kulipa

Anza na mgongo. Kitazame kitabu kwa juu, pale kurasa zinapokutana na jalada. Ukiona mafungu ya kurasa zilizokunjwa, mithili ya vijitabu vyembamba vilivyopangwa pamoja, huenda kimeshonwa. Fungua katikati ya fungu moja na utauona uzi wenyewe. Ukiona karatasi moja moja zimezama kwenye gundi, basi kinashikiliwa na gundi tu. Gundi haina ubaya kwa riwaya itakayosomwa mara moja au mbili. Kwa kitabu cha mtoto, au cha marejeo kitakacholazwa wazi mezani, tafuta uzi. Niliwahi kununua kamusi ya picha ya watoto, na wiki ya pili herufi M yote ikatoka mkononi, kurasa zake zikasambaa sakafuni. Mtoto alilia akidhani ni yeye aliyekiharibu. Tangu siku ile sinunui kamusi bila kukagua mgongo.

Kisha nenda ukurasa wa hakimiliki. Vitabu vingi vinavyoitwa vipya ni vya zamani vilivyovishwa jalada jipya, na hilo si kosa, ila ni vizuri ujue unachonunua. Angalia mwaka, na utofautishe toleo na chapa: toleo jipya maana yake maandishi yamepitiwa na kubadilishwa, chapa mpya ni maandishi yale yale yaliyopigwa chapa tena. Wachapishaji wengi huweka mstari wa namba, kwa mfano 10 9 8 7 6 5 4 3. Namba ndogo kabisa ndiyo inayohesabika, kwa hiyo hapo umeshika chapa ya tatu. Ukiagiza mtandaoni, nakili ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13. Jalada gumu na jalada laini la kitabu kile kile huwa na namba tofauti, na watu wengi hupokea wasichokitarajia kwa sababu waliandika jina peke yake.

Hapo hapo tafuta jina la mchapishaji, la mchoraji na, kwa kitabu kilichotafsiriwa, la mfasiri. Siku hizi yeyote anaweza kuchapisha, na kuna vitabu vinavyotungwa na programu kwa dakika chache kisha vikauzwa kama vya mtunzi. Kitabu cha watoto chenye michoro tele ambacho hakimtaji mchoraji mimi hukirudisha kwenye rafu.

Mwisho, soma ukurasa mmoja. Usiwe wa kwanza, maana huo ndio uliosuguliwa kuliko yote. Fungua theluthi ya kitabu, mahali ambapo mtunzi alikuwa amechoka na mhariri ameanza kulegea. Kama lugha bado imesimama pale, kitabu kizima kina nafasi.

Watoto

*Nafasi ya kwanza: kitabu cha picha cha kusomewa kwa sauti.* Kwa mtoto wa kati ya miaka miwili na saba, sioni kinachokaribia hiki. Kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa na kukatwa kwa mafungu ya 16 au 32. Hiyo ni nafasi ndogo, na mtunzi stadi huitumia kama mshairi: kila anayefungua ukurasa anakuta jambo ambalo ukurasa uliopita ulimfanya alisubiri. Hicho ndicho kipimo changu. Fika chini ya ukurasa, simama, jiulize kama una hamu ya kuufungua unaofuata. Pia tazama kama picha zinasema jambo ambalo maneno hayakulisema. Maneno yakisema "alikuwa na huzuni" na picha ikaonyesha tu uso wenye huzuni, kimoja kati ya hivyo viwili hakina kazi. Lakini picha ikimwonyesha mtoto amegeukia ukuta huku kiatu kimoja kikiwa mlangoni, utashangaa maswali utakayoulizwa.

Kisome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa mara tatu kwenye ukurasa mmoja, utajikwaa kila usiku.

*Nafasi ya pili: vitabu vya katuni*, kwa watoto wa kuanzia miaka saba hivi. Najua wapo wazazi wanaoviona kama peremende. Siungani nao. Msomaji wa katuni anafanya kazi kubwa: anaunganisha kisanduku na kisanduku, anafahamu muda uliopita katikati, anasoma uso na maneno kwa pamoja. Na mtoto anayesema hapendi kusoma mara nyingi hurudia katuni ile ile mara nne. Kwa swali langu la mwanzo, huo ni ushindi. Hakikisha tu maandishi ndani ya vipovu yanasomeka bila kukunja macho.

*Nafasi ya tatu: vitabu vya kurasa ngumu*, kwa wasiozidi miaka mitatu. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, na huvutwa na rangi zinazopingana waziwazi, nyeusi juu ya nyeupe kwa mfano. Kwa hiyo picha moja kubwa kwa ukurasa inatosha. Kona ziwe za mviringo. Jua pia kwamba kitatafunwa. Ukiona tabaka la karatasi tayari linabanduka kwenye ukingo dukani, nyumbani hakitamaliza wiki. Nimekiweka cha tatu kwa sababu tu umri wake ni mfupi.

*Nafasi ya nne: hadithi za sura fupi zenye mfululizo*, kwa anayeanza kusoma mwenyewe. Kuna kipimo cha vidole vitano: mtoto asome ukurasa mmoja, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Akikunja vitano kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kisubiri, au msome pamoja. Nunua kitabu cha kwanza pekee. Seti nzima iliyofungwa kwenye boksi inapendeza machoni, ila mtoto asipompenda mhusika mkuu umebaki na vitabu tisa vya bure.

*Nafasi ya tano: vitabu vya maarifa*, wanyama, sayari, mwili wa binadamu. Kwa mtoto mwenye shauku ya jambo moja, hiki kinaruka hadi nafasi ya kwanza. Tatizo ni ensaiklopidia ya "kila kitu" inayonunuliwa na watu wazima kwa nia njema. Afadhali kitabu chembamba kuhusu papa peke yao, chenye faharasa nyuma. Kipimo cha haraka: fungua ukurasa wa sayari. Kama Pluto bado inahesabiwa kuwa sayari ya tisa, maandishi hayajaguswa tangu kabla ya 2006, mwaka ambao ilitolewa kwenye orodha ya sayari, hata jalada liwe na mwaka gani.

*Nafasi ya mwisho: vitabu vya muziki, vitufe na stika.* Stika zikiisha kitabu kimekwisha. Vya muziki vina jambo zito zaidi: betri ndogo za mviringo. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Kama kifuniko cha betri hakijafungwa kwa skrubu, usikinunue, na kama ulishapewa zawadi, kikague leo.

Neno kuhusu mihuri ya tuzo. Soma tuzo yenyewe inatolewa kwa nini. Medali ya Caldecott ya Marekani, iliyoanza 1938, hutolewa kwa picha. Tuzo ya Hans Christian Andersen humtunuku mtunzi au mchoraji kwa kazi zake zote, kwa hiyo kuiona imetajwa kwenye jalada hakukuambii kwamba hicho ndicho kitabu chake bora.

Watu wazima

Hapa mpangilio wangu utawashangaza wengine, kwa kuwa nafasi ya kwanza naipa *mkusanyiko wa hadithi fupi*. Watu wazima wengi ninaowafahamu hawakuacha kusoma kwa kukosa hamu; waliacha kwa kukosa saa tatu za mfululizo. Hadithi fupi inaisha ndani ya nusu saa. Ukilala nayo, umelala umemaliza kitu. Isitoshe, hadithi nzuri hurudiwa: mara ya kwanza unafuata tukio, mara ya pili unaona mtunzi alivyolificha. Chagua mkusanyiko wa mtunzi mmoja ikiwa unataka sauti moja, au wa watunzi wengi ikiwa hujui unachopenda.

Ya pili ni *riwaya ya upelelezi*. Ndiyo dawa ya aliyesahau kusoma, kwa sababu swali la "nani kafanya" humvuta hata akiwa amechoka. Haishiki nafasi ya kwanza kwa kuwa ukishajua jibu ni nadra kuirudia. Mwazime mwenzako. Riwaya za mapenzi, za kihistoria na za sayansi ya kubuni naziweka jirani hapa hapa. Tofauti kati yao ni ya mapenzi ya mtu. Zile zenye ulimwengu wa kubuni kabisa, zilizo na ramani mwanzoni, zisome kurasa kumi kwanza. Ukikutana na majina mapya 20 na hujamjali hata mtu mmoja, ziache.

Ya tatu, *tawasifu na wasifu*. Tawasifu mtu anajieleza mwenyewe, wasifu ameelezwa na mwingine, na duka huvichanganya rafu moja. Kwa wasifu, fungua nyuma: kuna marejeo? Kuna faharasa ya majina? Kitabu kinachodai kueleza maisha ya mtu bila kuonyesha kilipata wapi habari zake nakiona kama umbea wenye jalada.

Nne, *historia na sayansi kwa msomaji wa kawaida*, kwa kipimo hicho hicho cha marejeo. Tano, *diwani za mashairi*. Ningependa kuziweka juu, na kwangu mimi ziko juu. Lakini huu ni mwongozo wa kununua, na mashairi ni kitu ambacho mtu lazima asome mawili matatu kabla ya kutoa fedha. Likimng'ang'ania moja, atalisoma maisha yake yote.

Mwisho nimeviweka *vitabu vya kujiendeleza*. Vingi vina wazo moja zuri lililonyoshwa kurasa 250. Soma yaliyomo na sura ya kwanza. Mara nyingi umeshapata ulichokuja kutafuta.

Kwa vilivyotafsiriwa, mfasiri ni nusu ya kitabu. Tuzo ya kimataifa ya Booker, ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, inalikubali hilo wazi: tangu 2016 fedha zake hugawanywa sawa kati ya mtunzi na mfasiri. Ukipenda tafsiri, andika jina la aliyeifanya, kisha utafute nyingine zake.

Karatasi, skrini au sikio

Jalada laini linatosha kwa sehemu kubwa ya vitabu vya watu wazima. Jalada gumu mara nyingi hutangulia, na lile laini hufuata baada ya mwaka mmoja hivi, basi anayeweza kusubiri asubiri. Kitabu-pepe kinawafaa sana wenye macho yaliyochoka, kwa kuwa herufi hukuzwa upendavyo, ila kwa vitabu vya picha hakifai kabisa: picha iliyotandazwa kurasa mbili hukatwa katikati. Fahamu pia kwamba mara nyingi unanunua ruhusa ya kusoma tu. Mwaka 2009 duka la mtandaoni la Amazon lilifuta, kutoka mbali, nakala za vitabu-pepe ambazo wateja walikuwa wameshazilipia, kisha likarudisha fedha na kuomba radhi.

Kitabu cha kusikiliza ni kusoma kamili kwa anayeendesha gari au kufua. Riwaya yenye maneno 90,000 huchukua takriban saa kumi. Sikiliza sampuli dakika tano nzima, maana sauti iliyokukera dakika ya pili utaishi nayo saa zote hizo.

Na ukimnunulia mtu mzima zawadi, usimwulize anapenda vitabu gani, kwani atakutajia anavyotamani kuvipenda. Mwulize kipi alikimaliza mwisho, na alikimalizia wapi. Akikwambia "kitandani, saa nane za usiku," omba jina la kitabu hicho, kisha tafuta kingine cha mtunzi huyo.